Mstari Uliomtangulia Mhubiri

Kokuberwa alikuwa ameapa tangu alfajiri, akifunga kitambaa kichwani mbele ya kioo, kwamba leo hatamsaidia. Hata kidogo. Masele akitaja Luka, ataandika Luka. Akitaja Yohana, ataandika Yohana. Akinyamaza, naye atanyamaza, na ukuta wa kanisa utabaki mtupu, ili huyo mwinjilisti ageuke aone jinsi mtu anavyojisikia anapogeuka na kukuta hakuna mtu.

"Koku, huo uso ni wa kuja kanisani au wa kwenda polisi?" Wilhelmina alimuuliza walipokuwa wakichomeka nyaya.

"Washa mashine yako uniache."

"Nakuacha. Ila nakwambia ukweli, mama, na hilo gauni la kijani hukulivaa kwa ajili ya mchungaji."

Koku alichomeka waya wake wa mwisho. Meza yao ya mitambo ilikuwa nyuma kabisa ya kanisa lile la Igogo, jijini Mwanza, chini ya roshani ya kwaya, mahali ambapo waumini hupageukia tu pale kitu kinapoharibika. Wilhelmina alishika sauti. Koku alishika mistari. Katika kompyuta yake kulikuwa na programu iliyougawa uso wa kioo sehemu mbili: kushoto foleni ya mistari ya Biblia inayosubiri zamu yake, kulia mstari unaoonekana ukutani kwa wakati huo. Anaandika herufi mbili tatu, programu inamletea kitabu na sura. Anaupanga mstari kwenye foleni. Akibonyeza kitufe, mstari unaruka juu ya vichwa vya watu wote hadi ukutani, kando ya madhabahu, kwa maandishi makubwa ambayo hata bibi aliyesahau miwani anayasoma.

Ukiitazama, kazi ndogo. Lakini mhubiri si treni, hana reli. Atakupa mistari yake Jumamosi, na Jumapili akishapata moto anaiacha yote kituo cha kwanza na kukimbilia Isaya, kutoka Isaya anadandia Warumi, na wewe nyuma unakimbia na vidole, jasho linakutoka, watu wanageuka kukutazama kana kwamba umelala.

Kwa Masele, Koku hakuwahi kukimbia.

Ilianza siku ya kwanza kabisa kijana yule mrefu wa Kisukuma aliposimama pale mbele na suti iliyombana mabegani. Alikuwa anasimulia habari ya mama yake kutafuta ng'ombe aliyepotea, na kabla hajataja andiko lolote, vidole vya Koku vilishaandika. Mstari ukaruka. Masele akageuka kuutaja, akaukuta umekaa ukutani unamsubiri. Akasimama kidogo. Akaangalia nyuma, juu ya vichwa vyote, mpaka kwenye ile meza ambayo watu hawaiangalii. Akatabasamu.

Jumapili iliyofuata ikawa hivyo tena. Na iliyofuata. Watu wengine huanza kwa kushikana mikono. Wao walianza kwa Zaburi. Mpaka siku Masele alipomsubiri mlangoni na kumuuliza, "Dada, wewe unaingiaje kichwani mwangu bila hodi?" Koku akamjibu, "Funga mlango basi." Na Masele hakuufunga.

Halafu ikaja Pasaka.

Siku ile, baada ya mahubiri, katibu alimletea Koku matangazo ayarushe ukutani kama kawaida. Koku akabonyeza kitufe kwa kidole chake mwenyewe, kisha akasoma pamoja na waumini wote kwamba mwinjilisti Masele amekubali kwenda kuchunga mtaa mpya ng'ambo ya pili ya ziwa, Kamanga, na anaondoka wiki hiyo hiyo. Watu wakapiga makofi. Koku alikaa pale mikono mapajani, masikio yanavuma.

"Nilitaka kukwambia baada ya ibada," Masele alimwambia uani.

"Baada ya watu wote."

"Koku, waliniuliza ghafla, nikaona ni wito..."

"Mimi nimesikia habari zako kwenye matangazo, Masele. Kama habari za mbuzi aliyepotea."

Aliondoka bila kugeuka, na Masele akavuka ziwa. Alikuja mara moja kubisha hodi nyumbani kwao, na Mzee Mutayoba, baba yake Koku, hakumfungulia hata geti. Alizungumza naye juu ya ukuta. "Kijana, sina ugomvi na kabila lako, na wala sina ugomvi na umaskini wa mtumishi. Ila mtu anayeamua safari peke yake, ataamua na maisha ya binti yangu peke yake. Nenda salama."

Koku alikuwa nyuma ya pazia. Aliyasikia maneno yale, akaona baba amesema kweli, na ndiyo sababu yalimuuma.

Mzee Mutayoba hakukaa bure. Alikuwa mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mtu aliyezoea akishika jambo lisimame. Akapiga simu Bukoba, na Bukoba wakamtaja Jovinary, kijana wa ukoo unaojulikana, kazi nzuri, hana makuu. Koku alionana naye mara mbili. Hakumwona na kosa. Alimuuliza, "Unapenda nini?" akajibu, "Chochote." Baba alipouliza kama washenga waje, Koku akasema "sawa" kwa mdomo wa mtu aliyemkasirikia mtu mwingine.

Na washenga walikuwa wanakuja leo. Saa tisa. Mama yake, Mama Angela, alikuwa amebaki nyumbani akimenya ndizi. Wakishakaa, wakala, wakainuka na jibu, basi. Neno la Mzee Mutayoba halirudi nyuma, na Koku alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Sasa, kati ya Jumapili zote, ndiyo hii mchungaji alipoitwa msibani, na wa kushika mimbari akaitwa kutoka ng'ambo. Masele.

*

"Bwana Yesu asifiwe!"

"Ameni!"

Ibada ya kwanza ilikuwa imejaa. Masele alikuwa amekonda. Koku aliliona hilo kabla hajajikataza kuona. Sauti ilikuwa ile ile, ya chini, inayopanda polepole kama mtu anayepanda mlima akiwa na mzigo na hana haraka.

"Tufungue Luka, sura ya tano, mstari wa tano."

Koku alikuwa anaujua tangu Masele alipovuta pumzi. Akakunja mikono.

Masele akageuka. Ukuta mtupu.

Mtu mmoja alikohoa. Wazee wa mbele wakageuza shingo, na mmoja wao alikuwa Mzee Mutayoba. Wilhelmina akaminya midomo, "Koku. Koku! Andika basi, unatuaibisha!"

Masele aliangalia nyuma, juu ya vichwa vyote. Ilikuwa mara ya kwanza macho yao kukutana tangu Pasaka, na Koku akashika ukingo wa meza. Hakuwa na hasira, yule mtu. Alikuwa anamtazama kama anayetazama nyumba aliyokuwa akikaa.

"Tusubiri," Masele aliwaambia watu kwa upole. "Msigeuke, ndugu zangu, msimsumbue. Anayetuletea neno ana haki ya kusubiriwa. Mimi kuna siku sikumsubiri, nikatangulia peke yangu. Mpaka leo nakwenda, lakini sifiki."

Watu wakaitikia "Ameni" wakidhani ni mahubiri.

"Mh!" Wilhelmina alinong'ona. "Hiyo haikuwa ya kanisa. Hiyo ilikuwa na jina na anwani."

Koku akauandika mstari. Alikosea herufi mara mbili. Luka akapanda ukutani, mahubiri yakaendelea, na Koku akajifuta jicho kwa ncha ya kitambaa akijidanganya ni vumbi. Kiapo bado anacho, alijiambia. Amechelewesha mmoja, atachelewesha na wa pili.

"Kuna kazi," Masele alikuwa anasema, "ambayo mtu akiifanya, miaka inapita kama siku chache tu..."

Hakutaja jina. Hakutaja kitabu. Lakini vidole vya Koku havikuwa vimekula kiapo. Kabla hajajua, Mwanzo ishirini na tisa, mstari wa ishirini ulikuwa ukutani: Yakobo, na miaka aliyomtumikia baba yake Raheli.

Kanisa likaguna. Masele akageuka, akausoma, na akacheka. Pale pale madhabahuni alicheka kama mtoto aliyerudishiwa mpira wake. "Mnaona?" alisema. "Sijataja! Mnaona wenyewe sijataja!" Makofi yakalipuka, akina mama wakapiga vigelegele, na Koku akajificha uso nyuma ya kompyuta, mashavu yanawaka.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Alikuwa benchi la mbele, amegeuka mwili mzima, na anamtazama binti yake.

*

"Mlipanga," Mzee Mutayoba alisema.

Walikuwa sakristia, chumba cha nyuma ya madhabahu, kati ya ibada mbili, chai imemiminwa vikombeni na haijanywewa. Masele alisimama karibu na dirisha. Koku alisimama karibu na mlango. Wilhelmina hakualikwa, lakini alikuja kutafuta betri ya kipaza sauti na hakuwa na haraka ya kuipata.

"Shikamoo, mzee," Masele alisema.

"Marahaba, na usinipoteze. Mimi si mtoto. Kwanza ukuta mtupu, halafu maneno ya kusubiriana, halafu Yakobo na Raheli wanatokea kabla hawajaitwa! Mmefanya madhabahu ya Bwana kuwa simu ya mkononi. Na leo! Mama yangu! Leo, watu wa Jovinary wako njiani!"

Masele akamgeukia Koku. Jina lile hakuwahi kulisikia. Koku aliona linavyoingia, na akaangalia chini.

"Baba, hatujasemezana tangu Pasaka," alisema.

"Kwa hiyo uliota?"

"Sikuota. Namjua anakokwenda, basi. Hata akinyamaza namjua."

"Maneno! Kila msichana aliyependa anasema hivyo. Mama yako alisema hivyo na mpaka leo hajui ninapoweka miwani yangu."

Wilhelmina alicheka, akajifanya amepiga chafya.

"Mzee," Masele alisema, "kama kuna wa kufukuzwa, nifukuze mimi. Yeye hajui lolote. Nami sikupanga."

"Sitamfukuza mtu kabla sijapima. Mimi ni fundi, kitu napima." Mzee Mutayoba alinyoosha mkono. "Simu zenu. Zote mbili. Na yako, Wilhelmina, maana naona hiyo betri haipatikani."

Wakampa.

"Ibada ya pili, somo natoa mimi. Mwinjilisti, utalipata ukiwa mimbarini, si kabla. Mimi nitakaa mezani, bega kwa bega na huyu. Mstari upande kabla hajautaja, kama mlivyotuonyesha asubuhi. Mkipishana hata mara moja, nitajua ya asubuhi mlipanga. Na saa tisa, Kokuberwa, utakaa mbele ya washenga na utaitikia kwa sauti ya kusikika."

"Na tusipopishana?"

"Msipopishana, nitafikiri."

"Kufikiri hakutoshi, Baba."

Mzee alimtazama binti yake, na pembe ya mdomo ikamcheza kidogo, maana sauti ile ilikuwa yake mwenyewe. "Msipopishana, nawarudisha washenga."

Alitoka. Wilhelmina akamfuata, hatimaye amepata adabu. Wakabaki wawili, na kengele ya ibada ya pili ilikuwa inapigwa.

"Jovinary," Masele alisema.

"Ni mtu mzuri."

"Sikatai." Akageuka kutoka dirishani. "Koku, kule ng'ambo kila Jumapili nikitaja mstari nageuka. Kanisa la mabati, hakuna ukuta wala projekta. Waumini wananiuliza, mtumishi, unaangalia nini huko nyuma? Nawaambia shingo inaniuma."

Koku alitaka kucheka, alitaka kulia, na alitaka kumpiga na kikombe. Akasema, "Kaza shingo. Nenda."

*

Mzee Mutayoba alipofungua kinywa kusoma somo, kanisa zima lilihema. Alikuwa amechagua Nehemia, sura ya tatu. Sura nzima ni majina. Fulani mwana wa fulani akajenga lango, na baada yake fulani mwana wa fulani akajenga kipande cha ukuta, mpaka usingizi ukuchukue. Mzee aliijua kwa kuwa aliwahi kuisoma kwenye kamati ya ujenzi, na hata kamati ilisinzia. Akamaliza, akashuka kwa hatua za mshindi, akaja kukaa kwenye kiti cha plastiki kando ya Koku, akavaa miwani.

"Haya," alinong'ona. "Mjue anakokwenda na hapa."

Masele alisimama mimbarini. Akafunua ukurasa, akaufunga. Akatazama watu, akatazama dirishani, ambako bati za Igogo zinateremka hadi majini.

"Asubuhi nimekuja na feri," alianza. "Mbele yangu alikaa mama mwenye ndoo ya sangara, na harufu yake..."

Koku akabonyeza. Mstari wa tatu ukapanda: Lango la Samaki.

Masele akageuka, akacheka. "Lango la Samaki! Watu wa Mwanza, kumbe na sisi tumo kwenye huo ukuta!"

Kanisa likaamka. Mzee Mutayoba akaandika alama kwenye kiganja kwa kidole, kama mtu anayehesabu tofali.

"Na kwenye ujenzi, ndugu zangu, si wote mafundi. Wengine mikono yao ni laini, inanukia..."

Mstari wa nane. Mfua dhahabu na mtengeneza manukato, wamebeba mawe.

"Muuza manukato na zege!" Masele alisema, na watu wakapasuka kwa kicheko. "Akirudi nyumbani, mke wake ananusa, anasema leo ulikuwa wapi wewe?"

"Ehee!" aliitikia mama mmoja.

Mstari baada ya mstari ulimtangulia. Wale waliojenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Yule aliyejenga kipande chake, akamaliza, akaongeza cha pili. Koku hakuwa anafikiri tena. Alikuwa anatembea kando ya sauti ile, bega kwa bega, kama walivyokuwa wakitembea kuelekea kivuko cha feri ya Kamanga jioni za zamani, wasiseme neno na wasikose la kusema. Wilhelmina alikuwa ameacha mashine ya sauti, mikono yote miwili mdomoni. Na Mzee Mutayoba alikuwa ameacha kuhesabu.

Ndipo sauti ya Masele ikabadilika. Watu hawakugutuka. Koku aligutuka.

"Lakini kwenye kila ujenzi," Masele alisema, na macho yake yakaja nyuma, yakatua kwenye kiti cha plastiki, "kuna mabwana. Wanakuja na suti. Wanasimama pembeni, mikono mgongoni. Hawabebi, hawainami, na anayetaka kuingia, wanazungumza naye juu ya ukuta..."

Mstari wa tano. Koku alikuwa ameshauweka kwenye foleni: wakuu wa Tekoa, waliokataa kuinamisha shingo zao kwa kazi. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Akautazama mstari ule kwenye kioo, na akaona baba yake naye anausoma.

Uso wa mzee ulikuwa umekakamaa. Mikono yake, iliyokuwa imepumzika magotini, ilikuwa imekunjana ngumi. Hii ndiyo mikono iliyochanganya zege la kanisa hili, na sasa kanisa lote lilikuwa karibu kugeuzwa limcheke.

"Bonyeza," alisema kwa sauti kavu. "Ndipo anapokwenda. Mimi mwenyewe naona ndipo. Bonyeza, umeshinda."

Kilikuwa kitufe kimoja tu. Angebonyeza, washenga wangerudi, na saa tisa ingekuwa saa kama saa nyingine.

"Ndipo anapokwenda yeye, Baba," Koku alinong'ona. "Mimi siendi huko."

Akauondoa mstari wa tano kwenye foleni. Akaandika mwingine, akabonyeza kabla moyo haujamgeuka.

Ukutani ukapanda mstari wa kumi na mbili.

Masele alikuwa ameshafungua kinywa. Akageuka kwa uhakika wa mtu anayenyoosha mkono kuchukua kitu mahali pake, na kitu hakikuwapo. Alisoma. Akasoma tena. Shalumu mwana wa Haloheshi, akida wa nusu ya mtaa wa Yerusalemu, alijenga yeye na binti zake.

Kanisa lilisubiri. Wilhelmina alisema chini chini, "Amekosea. Mungu wangu, Koku amekosea." Koku alisimama. Hakujua kwa nini alisimama, ila hakutaka kuangaliwa akiwa amekaa. Alimtazama Masele moja kwa moja, na hakuomba kwa macho wala hakusihi. Alimwambia tu, kama alivyopaswa kuambiwa yeye siku ile ya Pasaka: mimi niko huku.

Masele aliuacha mdomo ukafungika. Akatazama mstari, akamtazama Koku, na mabega yake marefu yakashuka taratibu, kama mtu anayetua mzigo.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi nilikuwa nakwenda kwingine. Nilikuwa na mstari wangu mdomoni, na ulikuwa mtamu. Lakini mwenye kushika mistari amekataa. Amekataa mbele yenu wote, na amefanya vizuri, maana jiwe nililokuwa nimebeba halikuwa la kujengea. Lilikuwa la kumrushia mtu." Akavuta pumzi. "Nalitua. Twende alikotuita yeye."

Akageuka ukutani.

"Mtazameni huyu Shalumu. Mkubwa! Nusu ya mtaa iko mkononi mwake. Angeweza kusimama kivulini na kuamuru. Hakusimama. Na zaidi ya hapo, aliita binti zake. Nani aliwaambia wasichana wale kwamba mikono yao inaweza kusimamisha ukuta? Jirani? Mchungaji? Ni baba yao! Basi mkimwona leo msichana anayejua kusema hapana, hapa si njia, njia ni huku, msiniulize kajifunzia wapi. Tafuteni baba yake mkampe mkono!"

Vigelegele vilianzia mahali fulani upande wa kushoto, vikavuka, vikapanda roshani kwenye kwaya, na kwaya ikaanza kuimba kabla haijaambiwa. Watu walikuwa wamesimama. Wazee wenzake walikuwa wanamjia Mzee Mutayoba wakimpa mkono, mmoja baada ya mwingine, na mzee alikuwa anaitikia kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, asante, asante," miwani imefunikwa na ukungu.

Alisubiri wimbo ushike kasi, kisha akainuka, akatoka mlango wa pembeni na simu sikioni. Wilhelmina alichungulia, akarudi mbio.

"Anaongea nao! Anasema, 'Njooni mle kama ndugu, chakula kipo. Ila kwa lile jambo mmeitwa bure, na kosa ni langu, si la binti.' Koku! Unanisikia?"

Koku alikuwa anasikia. Aliketi kwenye kiti cha plastiki alichokiacha baba yake.

*

Uani, sadaka za ndizi na kuku zilikuwa zinanadiwa, mnadi anapiga kelele, na watu walijifanya wananunua huku wakitazama upande mmoja. Mzee Mutayoba alisimama mbele ya Masele, akamrudishia simu yake.

"Ulikuwa unakwenda mstari wa tano."

"Ndiyo, mzee."

"Ulikuwa wangu?"

Masele hakukwepa. "Ulikuwa wako. Nisamehe."

"Mh." Mzee akamgeukia binti yake. "Na wewe, mlipishana. Nilisema hata mara moja. Kwa kipimo changu umeshindwa."

"Najua, Baba."

"Ulijua kabla hujabonyeza?"

"Nilijua."

Mzee alitikisa kichwa polepole. "Kumjua mtu anakokwenda, hata mbwa wangu ananijua. Hilo lisingenigeuza. Ila wewe umemkatalia mbele ya watu wote, na yeye, na kipaza sauti mkononi, akakusikia. Mwanamume mwenye kipaza sauti!" Akamgeukia Masele. "Pale palikuwa na watu. Nyumbani, ambako hakuna watu, utamsikia?"

Masele alifungua kinywa, akakifunga. Akamtazama Koku.

"Nimjibu nini?"

Mnadi mwenyewe aliacha kunadi. Kicheko kilichopasuka pale uani kilirusha kuku mmoja mikononi mwa aliyemshika, na Mzee Mutayoba alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mwambie ndiyo," Koku alisema, machozi yanamtoka waziwazi, na hakuyafuta.

"Ndiyo, mzee."

Masele akasogea. Hakumshika. Alisimama karibu kiasi cha Koku kusikia joto lake, akamuuliza kwa sauti yake ya chini, ile inayopanda mlima bila haraka, "Koku. Kule Kamanga nyumba ni ndogo na kanisa ni bati tupu. Naweza kuomba kurudi huku. Naweza kubaki kule. Safari hii sijakubali lolote kwa mtu yeyote. Sema wewe."

Alikuwa amesubiri swali hilo tangu Pasaka, na sasa lilipokuja aliona hana haja ya kulifikiria.

"Tunakwenda ng'ambo. Nakuja na mistari yangu."

"Utairusha wapi? Hakuna hata ukuta."

"Utajengwa."

"Tofali naleta mimi," alisema Mzee Mutayoba, na alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya shati.